Yipeta ya Don Radhamés Yaingia Mtoni

Mkono wa Nurys Encarnación bado uko juu. Tangu sehemu iliyopita tuliuacha hapo hewani juma zima, na mwenyewe hajathubutu kupumua.

Mkono ukishuka, don Radhamés Polanco ataingia mtoni na yipeta yake nyeupe, gari lililoinuka lenye umbo la jeep. Ndivyo walivyokubaliana. Na ndilo jambo alilolingoja Nurys tangu mwaka jana: kumwona muuza magari huyo akikwama mahali palepale alipofia kaka yake Onésimo, ndani ya gari la aina ileile, lililotoka katika yadi ileile.

Lakini kwenye kiti cha nyuma, juu ya bega la don Radhamés, kimechomoza kitambaa cha kichwa cha zambarau. Nurys alikifua mwenyewe jana. Ni cha mama yake.

"Fausto!" aliita bila kugeuka. "Mama anafanya nini mle?"

Binamu yake Fausto alikuwa nyuma yake, juu kidogo ya ukingo, ndani ya saluni yake, gari dogo kuukuu la chini lililokwisha kuvuka salama. Alitoa kichwa dirishani.

"Shangazi amekataa kupanda kwangu. Eti gari langu linamkalisha kama anaoga kwenye beseni. Amesema magoti yanamuuma."

"Na wewe ukamwachia?"

"Dada, wewe umewahi kumkatalia?"

Nurys alikuwa mkaguzi wa magari yaliyoharibika katika kampuni ya bima huko mji mkuu, na kwa hili hakuweza kubisha. Kiti cha yipeta kiko usawa wa nyonga. Mwenye magoti mabovu anageuka tu, anaketi. Kiti cha saluni kiko chini, na kutoka humo ni kazi ya watu wawili.

Alikuwa amepima kila kitu cha mpango wake isipokuwa magoti ya mama yake.

Ng'ambo ya pili, spika iliyofungwa kwenye duka la ukingoni ilinguruma. Ilikuwa redio ya bonde, na sauti ilikuwa ya Kiko Melenciano, mtangazaji, aliyeketi mbele ndani ya yipeta na maikrofoni yake, kioo cha dirisha lake akiwa amekiteremsha ili wote wamwone.

"Wasikilizaji, tukumbushane! Gari gani linaifaa familia ya mlimani, yipeta au saluni? Kazi ya kwanza, mtungi wa gesi. Kwenye yipeta umesimama wima kama askari, kwenye saluni umelazwa, ukabingirika. Ushindi wa yipeta! Kazi ya pili, magunia ya vitunguu. Saluni imemeza manne na buti ikafungwa. Yipeta imemeza matatu, na wapakiaji wamenyanyua hadi kifuani, mmoja ameshika kiuno mpaka sasa. Ushindi wa saluni! Kazi ya tatu, kumpandisha bibi kizee bila kumkunja..."

"Bibi kizee ni mama yako!" Sauti ya Doña Eduvigis, mama yake Nurys, ilisikika bonde zima.

"...kumpandisha bibi huyu mrembo, yipeta tena! Sasa kumebaki mto. Don Radhamés, uko tayari?"

"Mimi nimezaliwa tayari," alisema don Radhamés. "Mwambieni dada yule ashushe mkono. Au umekufa ganzi?"

Watu walicheka. Nurys hakushusha mkono.

Sasa msomaji aelewe ni kitu gani alichokijua Nurys, na ambacho hakumwambia mtu.

Pale Los Cajuiles hakuna anayeingiza gari mtoni kabla hajaingia kwa miguu. Anavua viatu, anakunja suruali, anashika fimbo, anavuka na kurudi. Fausto alifanya hivyo asubuhi hii mbele ya wote, kisha akapitisha saluni yake upande wa juu wa jiwe jeupe lililo katikati ya mto, penye mawimbi madogo na kelele. Maji yenye kelele hayana kina. Upande wa chini wa jiwe, ambapo maji yametulia kama sahani, wachimba kokoto wamechimba sakafu ya mto, na shimo lao ni la kumeza punda.

Zamu ya don Radhamés ilipofika, mzee mmoja alimpa fimbo. Aliitazama kama mtu aliyepewa ufagio.

"Mwenye gari la chini ndiye anayevua viatu," alisema.

Nurys alijua kwamba atasema hivyo, au maneno kama hayo. Kila mwenye yipeta pale mlimani husema. Amenunua urefu, na kuvua viatu mbele ya majirani ni kukiri kwamba urefu wenyewe haumtoshi. Onésimo naye hakuvua. Alipanda gari lake jipya akiwa na kanzu ya ushemasi kwenye kiti cha pembeni, akayafuata maji yaliyotulia.

Na urefu wenyewe ni upi? Nurys alipima tumbo la yipeta na tumbo la saluni ya Fausto. Tofauti ni upana wa kiganja. Mdomo unaovuta hewa ya injini umejificha nyuma ya bampa, chini ya taa. Nguvu inakwenda magurudumu mawili tu, ya mbele. Ni umbo la jeep lililovikwa mitambo ya gari dogo. Kwenye barabara ya lami umbo hilo linatosha. Mto una maswali mengine.

Nurys hakusogeza jiwe wala hakuchimba. Alipiga simu redioni, akamwita don Radhamés mwoga mbele ya bonde zima, akapendekeza shindano. Baada ya hapo alinyamaza. Kisasi chake chote kilikuwa kunyamaza.

Sasa akafungua mdomo.

"Zima gari!" alipaza sauti. "Don Radhamés, zima! Mbele yako kuna shimo!"

Kicheko kililipuka ng'ambo.

"Mnamsikia?" don Radhamés alimwambia Kiko, na spika ikamwambia kila mtu. "Gari la binamu yake limeshavuka. Anataka nikae hapa nikikuna kichwa mpaka lifike kanisani, mwisho wa shindano."

"Pita upande wa juu wa jiwe! Juu, penye kelele!"

"Penye mawe? Nipasue tairi zangu? Asante, mama mshauri."

"Mama yangu yumo humo!"

"Na amekaa vizuri kuliko alivyowahi kukaa maishani. Au siyo, doña?"

"Viti ni laini," alisema Doña Eduvigis.

Don Radhamés alikanyaga mafuta.

Yipeta iliingia kwa fahari. Maji yaligawanyika pande mbili, watu wakapiga makofi, Kiko akapiga mluzi kwenye maikrofoni. Kwa urefu wa gari moja, kila alichokisema don Radhamés kilikuwa kweli.

Kisha pua ikazama.

Ilizama mara moja, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Maji yalipanda juu ya boneti hadi kwenye kioo. Injini ilikohoa, ikanyonya ilichonyonya, ikafa. Vioo vya umeme vikafa nayo. Mkia ulibaki juu, kisha mto ukaanza kuusukuma pembeni, polepole, kuelekea chini, ambako shimo la wachimba kokoto linakuwa bwawa.

"Bikira wa Altagracia!" Kiko alipiga yowe. Alikuwa mwembamba, na dirisha lake ndilo pekee lililokuwa wazi. Alijipenyeza akatoka, akashikilia jiwe jeupe kwa mikono na miguu. Maikrofoni aliiacha ikining'inia kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Hakuwa ameizima.

"Fausto, rudi nyuma!" Nurys tayari alikuwa akikimbia. "Rudi mpaka majini! Kamba!"

Fausto alirudisha saluni mpaka magurudumu ya nyuma yakalowa. Magunia manne ya vitunguu yaliyalemea magurudumu hayo, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari lile. Yaling'ata changarawe yakatulia.

"Naifunga wapi?" Fausto aliuliza.

"Kwako, kwenye ndoano ya nyuma. Kule nitafunga mimi."

"Yipeta nayo ina ndoano ya mbele."

"Ndoano yake iko ndani ya buti, chini ya sakafu, chini ya magunia matatu. Ndivyo walivyoitengeneza. Kaza breki, usiiachie."

Fausto alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Watu wa bonde walimheshimu sana Fausto kwa sababu ya mto huu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulifikia gari la Onésimo asubuhi ile, peke yake, akamtoa binamu yake kwa mikono yake. Kabla ya hapo alikuwa fundi katika yadi ya don Radhamés. Siku ya mazishi aliacha kazi, na kila mtu akasema, huyo ndiye ndugu.

"Nenda," alisema. "Nimekushikia."

Nurys alishuka majini upande wa juu wa jiwe, kamba begani. Maji yalimfika kiunoni. Alipofika kwenye pua ya yipeta alivuta pumzi, akazama, akapapasa mkono wa chuma unaoshika gurudumu, akapitisha kamba, akafunga, akaibuka akitapika maji. Kamba ilinyooka. Yipeta iliacha kutembea.

Makofi tena. Watu wa ukingoni hupiga makofi kwa kila kitu.

"Mama! Pita katikati ya viti, njoo dirisha la Kiko! Nitakupokea!"

Ndani, don Radhamés alikuwa amepiga magoti juu ya kiti cha dereva, maji kifuani, miwani imepotea. Aliliona dirisha wazi. Akalisogelea.

Ukingo mzima ulimwona.

"Wee Radhamés!" mwanamke mmoja alifoka. "Ukitoka bila yule mama usikanyage huku!"

"Tutakurudisha majini kwa mawe!" mwingine akadakia.

Don Radhamés alisita. Aligeuka nyuma, akanyoosha mkono. "Doña, haraka. Fungua mkanda."

"Hapana," alisema Doña Eduvigis.

Mkia ukiwa juu, maji yalikuwa yamemfika mapajani tu. Alikuwa ameketi wima, mkoba kifuani, kitambaa hakijalowa. Mikono yake miwili ilikuwa juu ya kifungo cha mkanda, imekifunika.

"Mama, fungua!" Nurys aliishika fremu ya dirisha. "Umekwama?"

"Sijakwama."

"Basi toka!"

"Mwanangu, unadhani ni wewe peke yako uliyelijua shimo hili? Nafua nguo hapa tangu hujazaliwa. Wachimbaji walipolichimba niliwatukana mmoja mmoja kwa jina."

Nurys alimkodolea macho. "Ulijua? Na ukapanda?"

"Ulitaka akwame, aibike, atoke, aende zake akanywe kahawa. Hicho ni kisasi cha mtu aliyesoma." Doña Eduvigis alimtazama don Radhamés. "Mimi nilitaka akwame na mtu asiyeweza kumwacha. Haya, bwana mkubwa. Ulikwenda redioni ukasema mwanangu alikuwa mlevi. Kanisa lake likakataa kumwimbia. Shemasi! Amezikwa kimya kama mbwa. Redio hiyo hapo. Sema ulichomwambia siku ulipomuuzia gari."

Maikrofoni iliyumba mbele ya pua ya don Radhamés. Ng'ambo, spika ilitoa sauti ya maji na ya mtu anayetetemeka meno.

"Doña, tutazungumza nchi kavu. Naapa."

"Nchi kavu una mdomo mwingine."

"Kamba itakatika!"

"Ikikatika tunakwenda wote. Mimi ni mzee, nimeshakula. Wewe je?"

Yipeta ililia chini, chuma juu ya jiwe, ikasogea kiasi cha shubiri. Kamba ikaimba.

"Mama, nakuomba," Nurys alisema. Mwaka mzima alitaka kumwona mtu huyu hivi, na sasa hakuweza hata kumtazama. "Nakuomba, fungua. Nimemsamehe. Sikia, nimemsamehe!"

"Msamehe wewe. Mimi ndiye niliyemzaa Onésimo."

Don Radhamés alifunga macho. Kisha akazungumza haraka, kama anayemwaga kitu kinachomuunguza mikono.

"Nilimwambia inavuta magurudumu yote manne. Nilijua ni mawili. Nilimwambia atapita mto mwaka mzima, masika na kiangazi. Nyuma ya gari tulibandika nembo ya jeep la kweli. Hivyo tu! Kila mtu mjini anafanya hivyo! Nani anapeleka yipeta mtoni? Watu wananunua wapeleke watoto shule!"

Ukingoni mtoto aliyekuwa akilia alinyamazishwa.

"Na ulevi?" aliuliza Doña Eduvigis.

"Chupa ya rum ilikutwa kwenye kiti cha nyuma. Niliambiwa, nikasema."

"Mwanangu hakuonja rum tangu abatizwe."

"Najua!" Don Radhamés aliishika maikrofoni kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue alionekana kama mtu anayetaka kuaminiwa. "Lakini chupa sikuiweka mimi, doña. Mimi sikufika hapa asubuhi ile. Na nembo sikuibandika kwa mkono wangu. Ilivuliwa kwenye jeep bovu na fundi wangu. Nilimuuliza, 'Si ni binamu yako huyu anayenunua?' Akaniambia, 'Mwache alinunue tu. Akijua ukweli, mimi nitakosa kazi.' Mwili ulipopatikana akaja kwangu akitetemeka. Akasema, usihofu, watadhani alilewa, nimehakikisha. Siku ya mazishi akaacha kazi."

Hakutaja jina. Bonde zima lilijua ni nani aliyekuwa fundi wake, na ni nani aliyelifikia gari lile wa kwanza, peke yake.

Vidole vya Doña Eduvigis vilitambaa juu ya kifungo cha mkanda, vikakibonyeza. Hakikufunguka. Alibonyeza tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii alimtazama binti yake kwa macho ambayo Nurys hakuwahi kuyaona.

"Nurys," alisema taratibu. "Mchanga umeingia. Sasa nimekwama kweli."

Nurys aliikamata kamba kwa mkono mmoja, akageuka kuelekea ukingoni.

Saluni ilikuwa palepale, imewapa mgongo, taa zake mbili za breki zikiwaka nyekundu juu ya maji. Kwenye redio ya ndani ya gari lile sauti ya don Radhamés ilikuwa imesikika kama ilivyosikika kwingine kote.

Taa zikazimika; breki ilikuwa imeachiwa.

Mlango wa dereva ukafunguka, na kamba ikalegea mkononi mwa Nurys.